Chumba cha Mbele

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima, wewe na wifi na wanangu, na kile kifua chako kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama anakula, anatembea, anasahau miwani yake kichwani kisha ananituhumu mimi kuwa nimeificha. Miguu inamvimba kidogo, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili: nyumba imetushinda. Tangu wajenge hoteli ya tatu upande wa ufukweni, kodi ya kiwanja chetu inakadiriwa kana kwamba na sisi ni hoteli. Maji tunanunua kwa bei ya wageni. Samaki anavuliwa mbele ya macho yetu, anapita mlangoni akiwa kwenye barafu, na sisi tunanunua mayai. Nashona mpaka mgongo unakataa kunyooka, na kazi yenyewe ni mashati ya wahudumu wa hotelini, kubadilisha vifungo na kupunguza mikono. Gauni la harusi sijashona mwaka wa tatu huu. Wanaooa hawaishi tena mtaa huu.

Kuna mtu anataka kununua. Tukiuza, tutapata nyumba nzuri mbali na maji, yenye nafasi, karibu na hospitali, na bado kitabaki kitu cha kumtunza Mama. Lakini hati ina jina lako, kama Baba alivyotaka, kwa hiyo bila sahihi yako mimi hapa ni mpangaji asiyelipa. Fikiri, kisha nijibu taratibu, usinijie juu.

Dada yako

Tarehe 2 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tuko salama, kifua kimetulia, wanao wanakua na wanakula kama mchwa. Wifi yako anakusalimu na anaulizia ile blauzi uliyomwahidi tangu zama hizo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikidhani dalali ameshika mkono wako. Dada, nyumba ya Baba haiuzwi. Yale mawe ya msingi aliyabeba mwenyewe, mimi na wewe tukimfuata nyuma na kopo la maji. Kile chumba cha mbele alikijenga kwa ajili ya Mama ili akiamka aone maji. Leo nimwambie nini? Nimwambie ahame kwa sababu samaki amepanda bei?

Mimi nikistaafu huu uchomeleaji wa mgodini narudi hapo. Watoto wangu watajua kuogelea kama sisi tulivyojua. Uvumilivu tu, dada, na wewe unajulikana kwa uvumilivu. Mtaa mzima bado unaishi hapo na hakuna aliyekufa njaa. Angalia majirani wanafanyaje, ufanye kama wao.

Mbusu Mama. Mwambie mwanawe hajamsahau.

Mdogo wako

Tarehe 20 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Sisi wazima, tumebanana tu. Blauzi ya wifi iko tayari, nimempa mtu wa basi.

Uliniambia nifanye kama majirani. Nimefanya. Sasa kaa nikueleze watu wanavyoishi hapa, maana wewe unajua tu walivyokuwa wakiishi. Msimu wa wageni ukianza, kila familia inahamia uani. Wageni wanalala ndani, wenye nyumba wanalala stoo, jikoni, popote penye bati. Yule mwalimu mstaafu wa jirani anaishi kwenye banda la kuku. Aliwauza kuku kwanza, anasema hakutaka kugombea nafasi na wapangaji wa zamani. Milango ya mbele hatuigusi. Tunapita kwenye kichochoro cha takataka, na huko ndiko siku hizi tunakopeana salamu na habari za misiba.

Anayetuletea wageni ni wakala mmoja tunayemwita Bwana Picha, kwa kuwa hana salamu, akiingia anapiga picha kwanza. Aliniambia niondoe picha ya Baba ukutani, eti wageni hawapendi kutazamwa na marehemu wasiyemjua. Akaondoa na ile ya harusi. Halafu akasema wageni wanakosa raha wakijua wenye nyumba wamejibana uani kwa ajili yao, kwa hiyo ni afadhali wadhani sisi ni wafanyakazi. Basi mimi ni dada wa usafi, na Mama ni mama wa mashuka.

Nilidhani Mama atamrushia kiatu. Alicheka mpaka akafuta machozi. Siku ya kwanza alijifunga aproni yangu, akaenda kugonga mlango wa chumba chake mwenyewe: "Hodi, mashuka." Mgeni akampa bakshishi. Alinionyesha ile noti kama mtoto aliyefaulu mtihani, na siku nzima alikuwa akiniita mfanyakazi mwenzangu na kunitishia kunishtaki kwa mwenye nyumba. Nilicheka pia, sitakudanganya.

Kitanda chake kilikuwa kirefu kuliko stoo, ile Baba alikokuwa akiweka rangi. Nilimwita seremala akakata karibu dhiraa moja. Mama analala amekunja magoti. Kila siku ananiuliza msimu unaisha lini, nami namwambia mwisho wa Agosti. Nijibu upesi, kuna karatasi za kodi zinakutaka wewe.

Dada yako

Tarehe 20 Septemba

Mdogo wangu,

Nakusalimu, popote ulipo. Barua ya Juni hujaijibu. Simu yako haipatikani, ya wifi inaita bila kupokelewa. Kama umenuna, nuna, lakini nuna ukiwa mzima.

Msimu uliisha kama nilivyomwahidi Mama. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akakaa juu ya kile kitanda kilichokatwa akisubiri nimwambie twende. Na mimi nilikuwa nimesimama getini nasoma notisi ya kodi iliyobandikwa kwa gundi, siku kumi na nne au nyumba inakwenda mnadani. Bwana Picha alikuwa na jibu mfukoni. Kampuni moja inataka nyumba mwaka mzima, iwapangishie wageni chumba kimoja kimoja kupitia kwake, sisi tubaki uani na kazi zetu; inalipa mbele, ila mkataba lazima utiwe sahihi na mwenye hati. Nilikutafuta siku sita. Siku ya saba niliandika jina lako mwenyewe. Ukitaka kunishtaki, nishtaki, nitakupa na kalamu niliyotumia.

Nilirudi uani nikamwambia Mama tutasubiri kidogo zaidi. Aliuliza mpaka lini. Nikasema mpaka mwakani. Hakubishana, na wewe unajua Mama asipobishana kuna jambo. Alifungua kitenge, akarudisha nguo moja moja msumarini, akaenda kupiga pasi foronya.

Tangu siku hiyo hayuko sawa. Mwanzoni nilidhani anaendeleza mzaha. Wiki iliyopita tulikuwa tunakunja shuka, yeye huku mimi huku, akaniuliza nimeanza kazi hapa lini. Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Siku nyingine anakuwa Mama kabisa, ananishika mkono na kuniomba nimpeleke chumbani kwake hata kwa usiku mmoja, anyooshe miguu. Nampeleka wapi, na ndani kuna watu na mabegi yao?

Nimechoka, na nina hasira na wewe. Njoo, au niletee sahihi ya kuuza. Mimi kuiga sahihi ya kuuza siwezi, hiyo ni jela.

Dada yako

Tarehe 3 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi kuulizia afya ya mtu niliyemwachia mzigo wote, lakini naiulizia. Yako na ya Mama.

Sikununa. Mgodi ulifungwa mwezi wa nne, wakatulipa ahadi wakatuambia twende nyumbani. Nyumbani kwenyewe ilikuwa nyumba ya kampuni. Tumehamia kwa wakwe zangu, barua zako zimenifuata huku, sisi watano chumba kimoja, na mwanamume wa umri wangu anaomba ruhusa ya kuchaji simu. Simu nikaiuza. Wifi yako aliona namba yako inaita, nikamkataza kupokea. Nilikuwa nakukataza kuuza nyumba, dada, na mwenyewe sina hata godoro la kusema ni langu. Hiyo nyumba ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho cha kutajia watu. Nilikuwa nakaa na wakwe jioni nawaelezea chumba cha mbele na dirisha lake, na Mama akiwa amelala stoo. Aibu imenila, lakini ni haki yangu inile.

Sahihi sikushtaki. Naona ilipita bila swali, maana yake umeiandika vizuri kuliko mimi.

Sasa nachomelea mageti ya watu. Kuja siwezi bado, ila nimefanya jambo moja. Tajiri mmoja niliyemtengenezea geti nilimwambia asinilipe mkononi, atumie simu yake anikodie chumba cha mbele kwa Bwana Picha. Amepata siku saba, kuanzia tarehe 18. Mgeni ni Mama. Bwana Picha hajui na hana haja ya kujua. Rudisha picha ya Baba ukutani, tandika yale mashuka yako ya maua, mpitishe Mama mlango wa mbele. Mwambie ni zawadi ya mwanawe. Akilala kwenye chumba chake akili itarudi, naamini hivyo. Kisha tutaongea habari ya kuuza kama watu wazima.

Niandikie yote, usiniachie hata kidogo.

Mdogo wako

Tarehe 27 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu zako zilifika, na nimefurahi kujua uko hai, hata kama nilikuwa nimeandaa matusi. Pole kwa mgodi. Pole kwa wakwe. Ungeniambia mapema ningekutukana, halafu ningekwambia uje, tungekukatia na wewe kitanda.

Uliomba nikuandikie yote.

Tarehe 18 nilimwogesha Mama, nikamvalisha lile gauni la bluu. Picha ya Baba nilikuwa nimeshaining'iniza. Nikamshika mkono tukazunguka hadi mlango wa mbele. Pale akauvuta mkono wake. "Sisi tunapita nyuma," akasema. Nikamwambia leo wewe ndiye mgeni, Mama, mwanao amekukodia. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua, lakini ni mpole siku hizi, akaingia.

Aliangalia dirisha. Akapitisha kidole kwenye fremu kuona kama kuna vumbi. "Chumba kizuri," akasema. "Wageni wanafika saa ngapi?" Nikamkalisha kitandani. Akainuka upesi, akapanyoosha pale alipokuwa amekaa. Kisha akaiona picha ya Baba, akauliza kama huyo ndiye mwenye nyumba. Nikasema ndiye. Akasema ana uso wa huruma.

Nilitoka nje nikalia, mdogo wangu, nimeegemea lile tangi la maji.

Asubuhi nilimkuta amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Sakafu yote ilikuwa yake, lakini alilala amekunja magoti vilevile kama stoo. Kitanda hakikuguswa. Asubuhi ya pili hivyohivyo. Ya tatu nilimsihi, nikamtajia siku aliyokuzaa wewe kwenye chumba hichohicho, mvua ikinyesha na mkunga akiwa amechelewa. Alisikiliza kwa makini, akanipa pole, akaniuliza kama mtoto alipona. Siku ya nne nilipanda mwenyewe kitandani nikalala chali, ili aone kuwa hakuna ubaya. Alinivuta mguu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Binti, shuka. Unataka tufukuzwe?" Nikashuka, nikaomba radhi.

Siku saba hazikurudisha akili. Siku ya mwisho alivua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, akayafua, akayaanika, akatandika mengine. Alipomaliza alikuwa na furaha, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, na ile furaha ndiyo iliyonimaliza. Sasa kuuza au kutouza ni shauri lako. Nilitaka kuuza ili yeye apate kupumzika. Wewe ulikataa ili yeye abaki na chumba chake. Tumegombana mwaka mzima kwa ajili ya mama ambaye hakutusubiri.

Jana ameniomba nimwandikie barua, kwa kuwa macho yake hayaoni mstari. Nikamuuliza ya nani. Akasema ya mwenye nyumba. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza:

"Mimi ni mama wa mashuka. Nimesikia mna nia ya kuuza. Naomba mkiuza mniombee kwa tajiri mpya nibaki. Umri umekwenda lakini mikono ina nguvu, na tangu nianze kazi hapa sijavunja kitu. Sihitaji chumba kikubwa. Stoo inanitosha, nimeshaizoea. Msiniondoe, tafadhali, kwa kuwa sina pengine pa kwenda."

Hati ina jina lako, kwa hiyo barua ni yako. Anaulizia jibu kila akimaliza kuanika, nami namwambia bado halijafika. Mwandikie.

Dada yako