Kibati cha Marehemu Mama

Jumatatu, 7 Julai 1986
Fomu kumi na mbili leo. Kidole kimeota sugu. Wiki iliyopita nilikuwa shamba la mkonge: nusu ya nyumba za wafanyakazi tupu, nyasi zimeota mlangoni. Kisha hoteli mpya Watamu: wapishi, wafua nguo, na foleni langoni ya wanaotaka kuwa wapishi na wafua nguo. Kesho kutwa kiwanda cha korosho. Mwalimu Charo anataka kujua kazi zinapungua wapi na zinaongezeka wapi, kabla mpango wa wilaya haujaandikwa. Alinifundisha jiografia miaka minne. Sasa ameacha chaki, anasimamia utafiti huu. Alituchagua wawili, mimi na Katana. Alisema anataka watu wasiopika majibu. Nilifurahi mno. Bado nafurahi.

Jumatano, 9 Julai
Ukumbi wa kubangua. Mabenchi marefu, wanawake tupu. Mikono wameipaka mafuta ya mbarika ili maji ya ganda yasiwachome. Yanawachoma vilevile. Kila mmoja ana kibati chenye nambari, anakionyesha langoni asubuhi. Nambari ikiwa sawa, anapita.

Mbeyu, jirani yetu, alipaza sauti: "Karani, na mume wangu muandike! Kazi yake kulala, na hiyo haijapungua hata siku moja." Benchi zima likacheka. Baada ya hapo walinifungukia. Huyu ameshika kibati cha dada yake aliyejifungua. Yule, cha mkwewe mgonjwa wa kifua. Ndiyo desturi yao tangu zamani: ukiugua au ukizaa, ndugu anakukalia nafasi isipotee. Nyapara anajua. Ananyamaza, maana korosho zinabanguliwa.

Mama mdogo Jumwa ameshika cha marehemu mama. Mama alizikwa Ijumaa. Jumatatu mdogo wake akakaa mahali pake, akaitika kwa jina la Kadzo Karisa, na mimi nikarudi shule. Miaka tisa sasa.

Alhamisi, 10 Julai
Fomu ina safu mbili: jina lililosajiliwa, na jina halisi la aliyehojiwa. Nilimwuliza Mwalimu nifanyeje. "Andika ulichokiona, Sidi. Majina nayaona mimi peke yangu, nijue hamkukaa nyumbani mkajaza. Yakifika Kilifi ni idadi tu."

Nilijaza zote. Waliokalia nafasi za wengine ni kumi na tisa. Kwa mama mdogo nilisita, kisha nikaona aibu kusita. Katana ameacha safu ya pili wazi kwa watu wake wote wa kiwandani. Nilimwona mvivu.

Jumanne, 22 Julai
Mama mdogo amerudi saa tatu asubuhi. Sikumbuki kumwona nyumbani saa tatu.

Karani wa lango amewaita kumi na tisa, akakusanya vibati vyao. Udanganyifu, wameambiwa. Anayefanya kazi kwa jina la mwingine hana notisi wala kiinua mgongo. Korosho zinazoletwa zimepungua, meneja alikuwa akitafuta wa kupunguza. Amewapata bure.

Nilikwenda langoni. Fomu zimebandikwa ukutani. Zangu. Wino wangu wa bluu, mwandiko wangu uliosifiwa shuleni, sahihi yangu chini. Wanawake walikuwa wamezizunguka, wanazitazama. Hawajui kusoma. Wakanipisha nikaribie. Mbeyu akasema, "Tusomee, mwanangu. Nani katuuza?"

Nikasema haikuandikwa.

Jumatano, 23 Julai
Sikula. Mama mdogo amepika, amefagia, amefua. Hahitaji kusoma ili ajue. Mimi ndiye niliyekaa mbele yake na kalamu. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 25 Julai
Nimemfuata Mwalimu Watamu. Ana ofisi hotelini. Afisa wa wafanyakazi, tangu tarehe kumi na tano. Mwenye kiwanda ana hisa katika hoteli. Aliniambia mwenyewe, bila kupepesa jicho. Tarehe kumi na tano. Siku tano baada ya kumkabidhi fomu.

Nilimwamkia shikamoo. Mdomo umezoea. Akanivutia kiti.

"Uliandika uongo?"

"La, Mwalimu."

"Basi unalia nini? Kiwanda kile kinakufa, ikiwa si leo ni mwakani. Kazi ziko huku, umezihesabu mwenyewe. Mapokezi wanataka msichana mwenye Kiingereza safi. Anza Jumatatu."

Alitabasamu kama zamani alipokuwa akirudisha daftari langu. Ananilipa kwa kazi ambayo hakuniambia naifanya. Namchukia. Na nitaandika hili pia, kwa kuwa hakuna wa kuniona: kwa pumzi moja nilijiona nimevaa sare. Kisha nikatoka bila kuaga.

Yeye ameuza watu kumi na tisa. Lakini hakumjua hata mmoja. Mimi nimelelewa na mmoja wao.

Jumatano, 30 Julai
Mama mdogo amepata kibarua: kuponda kokoto za jengo jipya la hoteli hiyohiyo. Ukijaza debe unaanza jingine. Vumbi limemjaa kwenye nyusi. Jioni nilimwambia habari ya mapokezi, nikamwambia ni nani aliyeniita. Akasema, "Nenda." Hilo tu. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu wiki jana. Sikwenda. Siendi.

Jumapili, 3 Agosti
Mbeyu amepita baada ya kanisa na kikapu cha mihogo. Akanishika bega.

"Mungu akuzidishie. Wewe ulificha majina yetu, Jumwa ametueleza yote. Kumbe ni yule Katana! Na upole wote ule! Juzi amepita pale kisimani, hakuna aliyeitikia salamu yake."

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho, ungo haukusimama.

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa machache, yangetosha. Niliyasubiri yatoke.

Mihogo ilikuwa ya asubuhi hiyo, udongo wake bado mbichi. Niliipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante. Mbeyu alipoondoka mama mdogo aliinjika sufuria, akanisogezea kisu na kigoda. Nikakaa, nikamenya.