Mke Wangu, Nimejifunza Kipolandi

Mpendwa Mama Koku,

Kwa heshima na taadhima ninakutangazia, wewe na wote ulio nao huko, kwamba mumeo sasa anaweza kusema "dzień dobry" bila kumtemea mate aliyesimama mbele yake. Hiyo ni salamu ya mchana kwa Kipolandi. Tangazo limechelewa kwa sababu mafanikio yenyewe yalichelewa. Kwa miezi kadhaa hata mbuzi wa jirani walikuwa wanaondoka nikianza mazoezi.

Usicheke. Najua unacheka.

Sababu ni binti yako. Ulimwacha akiwa mwanzoni mwa masomo yake kule Polandi, ukaniagiza nimkumbushe kuvaa soksi. Soksi amevaa, na mchumba amepata. Anaitwa Tomek, kijana mrefu, mpole, anayemaliza sahani ya ndizi kama mtu aliyezaliwa Buganguzi. Koku akanipigia kusema Tomek anakuja nyumbani kijijini, Kamachumu, kuposa, pamoja na mama yake. Mama huyo, Pani Halina, yaani Bibi Halina, ni mjane kama mimi nilivyo mgane, na hajui lugha yoyote isipokuwa ya kwao.

Mimi nilikuwa na neno moja la kumwambia. Kwa haki lilikuwa neno lako, ungekuwepo ungelisema wewe: mtoto huyu yuko mbali na kwao, na mama hana, tafadhali, uwe mama yake. Sikutaka lipite kwa mkalimani, maana mkalimani angekuwa Koku mwenyewe. Utamwambiaje mtoto atafsiri maneno kama hayo? Kwa hiyo ilibidi yatoke kinywani mwangu, na kinywa changu unakijua.

Tukaanza masomo kwa simu, Koku kule kwenye baridi, mimi dukani Bukoba kati ya misumari na makopo ya rangi.

"Baba, unatamka kama unatafuna kiazi cha moto."

"Kwani wao wanatamkaje?"

"Wao kiazi kimepoa, baba."

Ukali huo ameutoa wapi? Namkumbuka mwalimu mmoja wa Kiswahili, kwenye nyumba yetu ya mjini, Kahororo, madaftari ya watoto yamejaa mezani hadi chai yangu inakosa pa kukaa. Nikipita na kusema kitabu yangu imepotea, kalamu nyekundu inasimama hewani. "Kimepotea, Baba Koku! Kitabu changu ki-me-po-te-a!" Nakujibu kwamba kitabu hakina habari, kimepotea hata kikiitwa imepotea. Nawe: "Kiite vizuri, kitarudi." Nilikutania miaka yote ya ndoa yetu kuhusu ngeli. Nilikuuliza kikombe kinahitaji ukoo wa nini. Ulisema maneno yana koo kama Wahaya, na asiyejua ukoo wa neno atalioza kwa ndugu yake.

Sasa nakiri, mwalimu, kwamba ulikuwa unanifundisha Kipolandi na hakuna kati yetu aliyejua. Wapolandi nao wana koo za maneno: ya kiume, ya kike, na ya kati. Mwana mwema ni "dobry syn", binti mwema ni "dobra córka", mtoto mwema ni "dobre dziecko". Umeona? Sifa inafuata ukoo, kama vile sisi tunavyosema mtu mwema, kitu chema. Tofauti ni kwamba kwao sifa mara nyingi hutangulia, na badiliko liko mkiani. Sisi tunashika neno kichwani, wao wanalishika mkia. Hata kitendo ni hivyo hivyo: napenda ni "kocham", unapenda ni "kochasz". Mtendaji hana haja ya kutajwa, yumo ndani ya neno, kama kwetu. Ila kwetu anakaa mlangoni na kwao anakaa uani.

Halafu likaja la majina. Mke wangu, tulimbatiza mtoto Kokushubira tukadhani tumemaliza. Akija yeye mwenyewe ni Kokushubira, lakini ukimpenda, unampenda Kokushubirę. Kitu chake ni cha Kokushubiry. Ukimpa zawadi, unampa Kokushubirze. Ukiwa naye, uko na Kokushubirą. Na ukitaka kumwita tu, umwite kutoka nje aje kula, kuna mkia wa peke yake wa kuitia: "Kokushubiro!" Nilikasirika kwanza. Nilimwambia Koku hawa watu wanamchakaza mtoto wangu jina. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Lakini siku moja likaniingia. Koku aliniandikia sentensi mbili: "Kokushubira karmi psa," na "Psa karmi Kokushubira." Mbwa ni "pies", lakini akilishwa anakuwa "psa". Kwa Kiswahili ukisema Koku anamlisha mbwa, kisha ukageuza mbwa anamlisha Koku, umemtia mtoto wa watu aibu. Kwa Kipolandi, zote mbili Koku ndiye anayelisha na mbwa ndiye anayekula! Mbwa amevaa mkia wake wa kulishwa, mweke popote, hatapotea. Nikamuuliza Koku, sasa kupanga maneno kuna kazi gani? Akasema la mwisho ndilo habari yenyewe. Lile ambalo msikilizaji analijua linatangulia, lile jipya linakuja nyuma. Nikaona! Ni kama sherehe zetu, mgeni rasmi hafiki mwanzo.

Nilisimama nyuma ya kaunta na mizani mkononi, nimeduwaa. Watu ambao hawajawahi kuona mgomba walikaa huko kwenye theluji yao, kizazi kwa kizazi, wakalipatia kila neno alama ya kazi yake ili liende popote bila kusahau ni la nani. Na sisi huku tukafanya yetu kwa upande wa kichwa. Nani aliwaambia? Nani alituambia? Mteja wangu akaniuliza, "Mzee, una homa?" Nikamwambia kila neno lina mkia. Alichukua misumari yake akaondoka haraka.

Sentensi yangu ikawa tayari: "Niech pani będzie matką dla mojej córki." Bibi awe mama kwa binti yangu. Mtu mzima usiyemzoea humwambii wewe, unamwambia bibi, kana kwamba unamzungumzia mtu aliyesimama pembeni yake. Adabu hiyo hata mama yangu angeikubali. Na mama ni "matka", lakini anayefanywa kuwa mama anakuwa "matką". Niliirudia njiani, bafuni, kanisani wakati wa matangazo.

Na hapo ndipo mume wako alipothibitisha kwamba hajabadilika. Katika kuhangaika na mikia yote hiyo, nilisahau kwamba kwetu baba wa binti hasemi siku ya posa. Mimi! Mimi niliyekaa mbele ya baba yako nikitoka jasho, yeye kimya kama ukuta, nikaondoka nikidhani amenichukia, mpaka uliponinong'oneza, "Ana msemaji, wewe! Ulitaka ajadiliane bei ya mtoto wake?"

Basi siku ikafika. Msemaji wetu alikuwa mdogo wangu Rweyongeza. Wapolandi nao walitafutiwa msemaji wa kwao, Mhaya kutoka Buganguzi. Wahaya wawili wakapambana kwa Kihaya safi, Koku akimnong'oneza Tomek, Tomek akimnong'oneza mama yake. Nikaona neno langu linapita. Nikakohoa, nikashika magoti niinuke. Dada yangu Leonia akanivuta koti.

"Unakwenda wapi?"

"Nina neno kwa mkwe wetu."

"Kaa chini, waitu, ndugu yangu! Kwani anayeposwa ni wewe?"

Ukumbi ulicheka. Nikakaa. Posa ikakubaliwa, watu wakala, na sentensi yangu ikabaki tumboni.

Sasa hivi ukoo mzima unasimulia kwamba nilimhutubia mama wa Tomek kwa Kipolandi, na kwamba alilia. Rweyongeza anaisimulia kuliko wote, wakati hakuwepo. Wewe nikueleze ilivyokuwa.

Ilikuwa asubuhi ya pili, wageni wakijiandaa kwenda uwanja wa ndege. Nilikwenda shambani nikamkuta Pani Halina kaburini kwako, chini ya migomba, amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Mbele yake kulikuwa na taa ndogo ya kioo yenye mshumaa ndani. Kwao kaburi huwashiwa taa, na hiyo alikuwa ameibeba kutoka nyumbani kwake, kwenye sanduku, ameifunga ndani ya sweta. Upepo ulikuwa unamzimia kiberiti. Nikapiga magoti nami, nikazungushia mikono, taa ikawaka.

Nikafungua kinywa. Hakuna kilichokuja. Sentensi yote iliruka, na koo zake na mikia yake. Nilichopata ni maneno makavu, kama mwanafunzi wako wa darasa la kwanza: "Pani Halina... matka... córka." Nikaonyesha yeye, nikaonyesha nyumbani alipo Koku.

Alielewa. Alinitazama, akatikisa kichwa: "Nie." Kisha akaweka kiganja juu ya kaburi lako, akasema taratibu, kwa maneno mafupi, ili hata mimi niyafikie: "Mama jest tutaj." Mama yupo hapa. Akajigusa kifuani. "Ja pomogę." Mimi nitasaidia.

Sikuhitaji mkalimani. Na aliyelia hakuwa yeye.

Mumeo,
Baba Koku