Mita Ishirini na Mbili

S.L.P. 47,
Mpanda, Katavi.
14 Machi 2025

Mpendwa dada Romana,

Shikamoo dada. Nyie huko Songea mnaendeleaje? Shemeji Gabrieli kifua chake kimepona? Sisi huku ni wazima, mama anatembea vizuri, na mahindi mwaka huu yamebeba.

Najua baba mdogo atakupigia simu kuhusu Wiliam. Nataka uyasikie kwangu kwanza, maana mimi ndiye niliyekosea.

Mwaka jana Wiliam aliomba leseni ya kufungua mwalo wa kuchenjulia dhahabu, kule chini karibu na mto tunakochota maji. Fomu ilitaka mwenyekiti au katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji athibitishe kwamba eneo liko zaidi ya mita sitini kutoka mtoni. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Alinikuta napukuchua mahindi, akanipa kalamu, nikasaini. Ni mtoto wa baba mdogo, tumekua tukilala kitanda kimoja. Sikuona haja ya kwenda kupima.

Leseni ikatoka. Mvua za Januari zikabomoa bwawa la tope la mwalo, lile lenye zebaki, tope lote likaingia mtoni. Bata wa mke wangu Evaline wakafa wote ndani ya siku mbili. Hakunigombeza. Aliniletea futi kamba tu, akasema, "Nenda kapime sasa."

Mita ishirini na mbili.

Nilimfuata Wiliam nikamwomba asimamishe kazi mwenyewe. Nilidhani atasema alikosea kukadiria. Akanijibu taratibu, "Nilijua hutakwenda kupima, kaka. Ndiyo maana sikumpelekea katibu."

Dada, neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Nilikwenda wilayani nikaandika kwa mkono wangu kwamba nilithibitisha kitu nisichokiona. Afisa mazingira akaja, akapima, leseni ikasimamishwa. Vijana kumi na wanne wamekosa kazi, wengi ni wa ukoo wetu. Mimi nimeondolewa kwenye kamati, na ni haki yao. Baba mdogo amesema nisikanyage kwake. Kanisani, ukifika wakati wa kupeana amani, Wiliam ananiruka anampa mkono aliyekaa nyuma yangu.

Lakini kinachoninyima raha zaidi ni maji yenyewe. Walichukua sampuli Februari, majibu hayajarudi. Pampu ya kijiji ni mbovu tangu mwaka juzi, kwa hiyo tunachota palepale. Evaline anayachemsha kila siku, ingawa afisa alituambia wazi kuwa zebaki haiondoki kwa kuchemsha.

Kwa hiyo nakuomba, Queen na Elia usiwalete likizo hii. Mama amekwisha kuwatandikia kitanda na kila jioni anawataja. Mimi ndiye ninayetakiwa kumwambia kwamba wajukuu hawaji, na kwa nini. Bado sijamwambia.

Msalimie sana shemeji, na shangazi Tereza ukimwona. Mungu aitunze nyumba yenu.

Mdogo wako akupendaye,
Lyamba