Bei ya Kuku Getini Mvara

Mvara, Arua
Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu Mama Furaha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote hapo Bunia. Goti la mama yetu linakunjika sasa, ama bado anapanda kitandani kwa kusukumwa? Mimi ni mzima kupita kiasi. Juzi mpakani Vurra lori lilianza kurudi nyuma, nikalizuia kwa bega mpaka dereva akapata jiwe la kuweka. Watu wa forodha waliona, waulize.

Furaha, najua ni wewe unayemsomea mama yako. Usiruke mistari, hasa inayokuhusu.

Mmeniuliza kama ukaunsela, huku kusikiliza watu wenye mizigo moyoni, ni kazi ya kweli, na kama Furaha aje akae kwangu aisomee. Mmeuliza mtu anayejua. Mimi ni askari wa geti tu, lakini mwenye shida ya akili namtambua kwa mwendo kabla hajavuka barabara. Madaktari wa hapa wakishindwa huja kunitazama usoni.

Bosi wangu, kaunsela mwenyewe, ni Madamu Poni, Mkakwa wa Kuluba, kule Koboko. Amesoma mpaka macho yakataka miwani. Mama yake mpaka leo anamwambia, "Miaka yote ile shuleni, ili ukae kwenye kiti usikilize? Hata mbuzi wangu anasikiliza, na majani anajitafutia mwenyewe." Ndiyo heshima ya kazi hiyo, Furaha. Daktari anashika sindano, mwalimu anashika chaki, watu wanaona. Yeye anashika mikono yake mwenyewe. Sokoni wanaomfahamu wanamkwepa, maana ukionekana unasalimiana naye, jioni mtaa mzima unajua una wazimu. Mdogo wake alipoolewa Koboko, Madamu aliombwa akae jikoni, wakwe wasije wakauliza ni nani mgonjwa katika ukoo.

Basi hapa mtu akiwa na mzigo moyoni anakuja na kuku. Usicheke, ngoja nieleze. Steji ya boda iko mbele ya geti letu, na wale vijana wana macho. Kwa hiyo mtu anabeba kuku kwapani kama muuzaji. Madamu anatoka mlangoni, anauliza kwa sauti ya kufika barabarani, "Kuku bei gani?" Mtu anataja bei ya ajabu. "Ingia tuelewane." Mlango unafungwa. Akitoka na kuku wake, basi, hawakupatana bei. Kuna jike moja jeupe ukoo mzima waliazimana mpaka likazoea. Likawa linakuja peke yake, linakaa kwenye benchi kungoja zamu, likimaliza linaondoka limetulia. Hilo nimeliona kwa macho yangu haya.

Mwaka huu akaanza kuja dereva mmoja wa malori ya Vurra. Jina lake sitaandika, hata kwako. Breki zilimkatikia mteremkoni, na mdogo wake alikuwa juu ya mizigo. Mdogo akafa, yeye hakukwaruzwa hata ukucha. Alikuwa hapati usingizi. Alikuja na jogoo mwekundu, akarudi, akarudi tena, na siku moja akitoka aliniambia, "Mzee, jana mimi nalala mpaka asubuhi." Nikafurahi kama vile ni mimi niliyemwimbia.

Lakini steji wakagundua. Mkubwa wao, mmoja wa jaketi nyekundu, akamwita, "We dereva, hii jogoo yako kwa nini hainunuliwi? Ama nayo iko na wazimu kama mwenyewe?" Wakacheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki. Safari iliyofuata, alipovuka tu barabara, wote wakaanza kulia kama kuku anayetaka kutaga. Wanaume wazima, wengine wana watoto.

Dereva akasimama getini. Nikamwambia, "Ingia, achana nao." Madamu alikuwa tayari mlangoni. "Jogoo bei gani?"

Dereva akamtazama, kisha akageuka akatazama barabara. "Leo hauzwi," akasema. Akamweka jogoo miguuni pangu, akaondoka.

Wiki hiyo hiyo tulimzika. Alijiua, Furaha. Soma neno hilo, usilimeze.

Waliobeba jeneza ni wale wale wa boda, maana alikuwa mtu wa barabara kama wao. Jaketi nyekundu alilia kuliko mjane. Tulipomaliza kufukia, shangazi wa marehemu akamwendea Madamu pale alipokaa.

"Mtoto wetu alikuwa anakuja kwako. Ulimwambia nini?"

Madamu akavua miwani, akaishika mapajani.

"Sema. Sisi tulikuletea mutu mzima, wewe unaturudishia maiti."

Ndugu wa marehemu wakamvuta kiti, akaanguka vumbini na gauni lake la kanisani. Hakuna aliyempa mkono. Angeweza kusema kwamba siku ile dereva hakuingia. Angeweza kunyoosha kidole, maana waliomrudisha walikuwa pale pale, udongo wa kaburi ungali mikononi. Lakini sheria ya kazi yao ni kwamba la mtu halisemwi, hata akifa. Mimi nikafungua mdomo. Akaniangalia. Mama Furaha, unanijua tangu utoto: mdomo huu baba alishindwa kuufunga, na wanajeshi walishindwa. Siku ile ulifungwa.

Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikisema la mmoja, nani ataniletea kuku tena?"

Jumatatu asubuhi wa kwanza getini alikuwa jaketi nyekundu, bila jaketi. Kuku wa kuazima, amemshika vibaya, kichwa chini. Macho kama pilipili. "Mzee," akasema, "iko kuku ya kuuza."

Sikufungua. Nilimlilia kama kuku, usoni kabisa, kama alivyomlilia mwenzake. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia.

"Tena," akasema. "Fanya tena, mzee."

Nikafanya tena. Sijutii.

Madamu akatoka. Mkono ulikuwa bado una mchubuko wa pale walipomwangusha. Nikajua leo atamfukuza, na mimi nitasaidia. Akafuta miwani, akaivaa, akauliza kwa ile sauti ya kufika barabarani, "Kuku bei gani?"

Ndiyo kazi yenyewe, Furaha. Ya vitabu waulize wa chuo. Mimi nakuuliza hili tu: mtu yule akija kwako na kuku wake, utamuuliza bei? Kama utaweza, njoo, kitanda kipo. Kama utafanya kama mimi, baki huko uuze vitenge, nitakupenda vilevile.

Msalimieni mama na goti lake, shemeji mchoma matofali, na mama mkubwa muuza makayabu, wale samaki wa chumvi. Mwambieni bado naikumbuka harufu yake njema.

Jogoo wa dereva ninaye. Sijamla, sijamuuza. Kila asubuhi akiwika hapa getini, steji yote inanyamaza.

Ni mimi kaka yako, ninayelinda geti la Mvara