Mbegu Zilizotoka Bila Kupimwa

Jumatatu, 1 Machi

Mvua imewahi. Foleni ya wakulima kwenye stoo ya ushirika wetu hapa Dongobesh imefika barabarani. Gari la kijiji cha Masieda limeondoka na mbegu zao zote za maharage. Bayo, mtunza stoo wetu, alitaka tusubiri siku saba: mbegu mia kwenye gunia bichi, kisha tuhesabu zilizoota, kama kila msimu. Nikamwambia mvua haimsubiri mtu. Nikasaini zitoke. Meneja ni mimi, na macho yangu yanajua mbegu.

Jumamosi, 13 Machi

Nimetoka Masieda. Mashamba matupu. Nilifukua kwa kidole, mbegu imeoza na inanuka. Mama Safari, mjane, alipanda shamba lake lote. Alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Macho yangu hayakujua kitu. Nimefungua mbegu za mzigo mwingine stooni na kutandika gunia bichi mwenyewe. Bayo angeweza kusema haraka haraka haina baraka. Hakusema. Ana adabu kuliko mimi.

Jumatatu, 15 Machi

Kikao cha bodi. Mwenyekiti alikuja na jibu mfukoni: Bayo afukuzwe, tuseme alichanganya magunia. Siku hizi kampuni za mbegu zimejaa, anasema, tukikiri tumekwisha. Bayo yuko nje kwenye benchi, kofia magotini.

Hasira ilinipanda, nyingi juu yangu mwenyewe. Nikaweka mezani karatasi ya kutolea mzigo. Sahihi yangu. Bayo habanduki, nikasema, na Masieda wapewe mbegu nyingine bure. Nitazipeleka mwenyewe; mimi mtanihukumu nikirudi. Wajumbe wengi wakakubali. Mwenyekiti hakuniaga.

Jumamosi, 20 Machi

Tisini na tatu kati ya mia zimeota. Bayo amehesabu, nami nimerudia.

Jumapili, 21 Machi

Masieda, baada ya ibada. Niliwaamkia wazee, nikasema wazi: Bayo alitaka tupime, mimi nikakataa. Kosa ni langu. Bodi itaamua juu yangu wiki ijayo. Iamue. Leo nitalala vizuri.

Mama Safari alipokea mbegu zake. "Asante, mwanangu. Ila hizi nitazipima mwenyewe kwanza." Akalowesha gunia, akaanza kuhesabu mia yake. Siku saba nyingine, na udongo umeiva kwa kupanda.

Ilinijia mdomoni kwamba mvua haimsubiri mtu. Nikayameza maneno hayo. Nikapiga magoti, nikamsaidia kuzipanga.