Neno "Vizuri" Mara Kumi na Moja

Alhamisi. Ukungu umeikalia Vwawa tangu asubuhi na baridi inapenya hadi ndani ya soksi. Nimekaa kitandani bwenini na kitabu changu cha mafunzo kwa vitendo. Nakitazama kama mama anavyoitazama noti ya kwacha ya Zambia pale mpakani, akiinyanyua kwenye mwanga kabla ya kuipokea.

Kina neno "vizuri" mara kumi na moja, yote kwa mwandiko wa Sista Nanyinza, muuguzi anayetusimamia wodini sisi wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilipokwenda nyumbani Tunduma, mama alikibeba hadi kanisani kuwaonyesha wenzake.

Sina imani na neno hilo tena.

Jana nilitumwa kumpima bibi mmoja aliyeletwa kutoka bondeni Momba akikohoa. Nilichuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama nilivyolelewa, nikamsalimu. Bibi akaitikia, akauliza habari za mvua, akauliza wazazi, akauliza ukoo wetu. Nami nilitakiwa kuhesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Lakini bibi anakujulia hali, unamwambiaje anyamaze? Nikahesabu katikati ya maneno yake, nikapotea, nikaandika kumi na nane, kwa sababu ndiyo namba ya mtu asiye na shida.

Nilibuni. Naandika hapa ili nisije kukana.

Sista akasoma karatasi, akatabasamu. "Vizuri, mwanangu." Akaliandika neno hilo kitabuni mwangu, akatia saini.

Nilipokuwa narudi na glavu nilimwona amesimama kando ya bibi, macho kwenye saa, midomo ikihesabu. Baadaye nikachungulia karatasi. Kumi na nane yangu imekatwa kwa mstari mmoja, juu yake pameandikwa thelathini. Bibi alikuwa ameshawekewa oksijeni.

Tangu hapo nawaza mabaya tu. Labda Sista ananiandikia vizuri ili amalize kazi yake haraka. Labda ameshanisema chuoni. Nikaomba kuona kitabu cha Tumaini, tunayelala naye chumba kimoja. Naye ana "vizuri" tupu, mara tisa. Akanicheka: "We naye! Umepewa vizuri, unatafuta vibaya?"

Jumatatu ijayo nahamia wodi ya watoto. Huko nikibuni namba, mtoto hawezi kujisemea.

Leo mchana nikaamua kumfuata Sista. Kumuuliza mkubwa "mbona ulirudia kupima?" ni kama kumwambia amedanganya, kwa hiyo nilisubiri abaki peke yake kwenye chumba cha kuoshea vifaa. Nikachuchumaa mlangoni kama mbele ya shangazi. Kwetu shangazi hakusemi mbele za watu. Anakuita jikoni, na huko anakwambia yote bila kukuficha.

"Inuka, sakafu ina dawa hiyo," akasema. Kisha, bila kugeuka: "Nilitegemea uje jana."

"Uliniandikia vizuri, Sista."

"Ulitaka nikuumbue mbele ya mgonjwa? Angekubali umguse tena? Wewe hukuhesabu. Ulikuwa unasalimiwa."

Akaushika mkono wangu kama anayepima mapigo, akaniambia nimwombe mgonjwa tutulie kidogo kwanza, salamu tutazimalizia. Akatazama saa. Tulinyamaza dakika nzima, na wala sikuona kama nimevunjiwa heshima.

Nikajikaza nikauliza: "Na zile vizuri nyingine kumi?"

Akacheka kidogo. "Hizo hujaja kuziulizia."

Natamani ningefarijika, lakini sasa nashuku kila ukurasa. Presha niliyoipima Jumatatu, kidonda nilichokifunga wiki jana, ipi ilikuwa vizuri ya kweli na ipi alirudia nikiwa nimegeuka?

Kesho kabla ya zamu nitaingia tena chumba kile na kitabu changu, nianze na ukurasa wa kwanza. Tumaini nitamvuta mkono, akasirike asikasirike.

Maana asipoingia mle, atajuaje vizuri zake zipi ni za kweli?

Na mgonjwa wake je?