Zuhura Kaongea na Kifaranga

Shikamoo Bibi, mke wangu,

Mumeo sasa mtu wa mjini, Kariakoo naijua kuliko wenyeji. Lakini habari kubwa ni ya Zuhura. Tangu tumzike Mama hakusema neno, na daktari kambembeleza wee, kimya. Leo sokoni, kwenye matenga ya kuku, alimpakata kifaranga akamnong'oneza, "Na wewe mama yako yuko wapi?" Akalia.

Muuzaji akafoka, "Mnanunua, au mmekuja kuwaamkia kuku?"

"Subiri, mzee, mdogo wangu anaongea."

Muuzaji akatuachia, akageukia wateja wengine.

Daktari kasema apewe mnyama wa kulea. Basi yule mwanambuzi wa Idi usimchinje. Tutakula maharage, wala sitanuna. Tukirudi usimsemeshe sana. Mwache aongee na mbuzi kwanza, sisi atatufikia.

Nakubusu mikono,
Mumeo Saidi